Kuitafuta Dutu P kwa Kingamwili ya Sungura: Mwongozo Kamili wa Maabara, Hatua kwa Hatua

Ukikata ugwe mgongo wa panya pale unapopokea neva za miguu ya nyuma, ukaupaka kingamwili inayofaa, unaona utepe wa kahawia iliyokoza kwenye ncha ya pembe ya mgongoni, mwembamba na uliopinda kama wanja kwenye ukingo wa kope. Ndani ya utepe huo mna miisho ya nyuzi za neva zinazoleta habari za maumivu kutoka kwenye ngozi na viungo, na miisho hiyo imejaa dutu P, peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino) inayobeba ujumbe kati ya neva. Nimeuona mara nyingi, na kila nikiuona bado natulia kwanza niutazame.

Kupata utepe huo si kazi ngumu sana. Kazi ni kuthibitisha kwamba ulichopaka rangi ni dutu P kweli. Kingamwili haisomi jina lililoandikwa kwenye chupa yake. Inachotambua ni umbo la asidi amino chache, na popote itakapolikuta umbo hilo itashika, liwe la peptidi unayoitaka au la ndugu yake. Mwongozo huu nimeuandikia mwanafunzi anayeanza, aliyepewa chupa ya seramu na bloku ya tishu, kisha akaambiwa alete majibu.

Anza na peptidi yenyewe

Dutu P iligunduliwa mwaka 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum huko London, katika dondoo za ubongo na utumbo wa farasi. Herufi P ilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya unga, kwa kuwa walikuwa nayo kama unga mkavu. Mpangilio wa asidi amino zake haukujulikana hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi iliyofanywa na kundi la Susan Leeman. Ni peptidi ya asidi amino 11 tu, yenye uzito wa dalton 1348 hivi: Arg-Pro-Lys-Pro-Gln-Gln-Phe-Phe-Gly-Leu-Met, na ncha ya mwisho, yaani ncha C, imefungwa kwa amidi.

Chukua kalamu uuandike mpangilio huo kwenye daftari lako, kisha chini yake uandike wa peptidi ndugu zake wawili, wa nyurokinini A: His-Lys-Thr-Asp-Ser-Phe-Val-Gly-Leu-Met, na wa nyurokinini B: Asp-Met-His-Asp-Phe-Phe-Val-Gly-Leu-Met. Hizo nazo zina amidi mwishoni. Tazama mkia wao: Gly-Leu-Met, amidi, zote tatu. Mwanzoni hazifanani kabisa, mwishoni ni kama watoto wa baba mmoja. Karibu kila tatizo utakalokutana nalo katika kazi hii limetoka kwenye mkia huo.

Sasa fikiria kingamwili inavyotengenezwa. Peptidi ya asidi amino 11 ni ndogo mno kuamsha kinga ya sungura, hivyo huunganishwa kwanza na protini mbebaji kama albumini ya ng'ombe, tairoglobulini, au ile protini kubwa ya damu ya konokono wa baharini inayoitwa KLH. Mara nyingi kiunganishi ni glutaraldehidi au kabodiimidi, na glutaraldehidi hushika vikundi vya amini. Dutu P ina sehemu mbili tu za namna hiyo: mwanzo wa peptidi na lisini iliyo nafasi ya tatu. Kwa hiyo peptidi inafungwa kwa kichwa chake, na mkia unabaki ukining'inia nje mbele ya kinga ya sungura. Kingamwili nyingi zitakazotoka zitautambua mkia, na mkia ndio ule ambao ndugu zake wote wanao.

Upo upande mzuri wa jambo hilo. Formaldehidi utakayokazia tishu nayo inashika amini zilezile za kichwani, kwa hiyo mkia unabaki wazi na kingamwili inaufikia. Ndiyo maana seramu za namna hii hufanya kazi vizuri sana kwenye tishu iliyokazwa.

Chupa ikifika

Kabla ya kufungua chochote, soma karatasi iliyokuja na chupa na utafute mambo manne: mnyama aliyetumika, peptidi iliyotumika (nzima au kipande, na kama ncha C ina amidi), protini mbebaji, na vipimo vya mwitikio mtambuka, yaani kama kingamwili inashika pia nyurokinini A na B. Karatasi isiyosema lolote kuhusu nyurokinini inakuachia wewe kazi hiyo. Andika namba ya loti, yaani fungu ambalo chupa yako imetoka, kwenye daftari, si jina la bidhaa peke yake.

Loti ina maana kubwa kwa sababu kingamwili poliklono ni mchanganyiko. Sungura mmoja ana koo nyingi za seli B, kila ukoo unatoa kingamwili yake, na damu iliyotolewa mwezi huu si sawa na ya miezi mitatu baadaye. Sungura akifa, seramu ile haipatikani tena. Mwaka mmoja nilipokea loti mpya, nikaitumia kwa mzimuo (kiwango cha kuipunguza nguvu kwa bafa) wa 1:2000 kama ile ya zamani bila kuipima upya. Vipande vyote vilitoka kahawia tupu, hadi kwenye maada nyeupe ambako hakutakiwi kuwa na kitu. Wiki mbili za kazi na tishu ya wanyama sita zilipotea. Loti ile ilikuwa nzuri kabisa kwa 1:8000. Tangu siku hiyo kila loti naipima upya, hata ikitoka kwa muuzaji yuleyule.

Seramu iliyokaushwa iyeyushe kwa maji yaliyochujwa kwa kiasi kilichoandikwa, uiache dakika 30 kwenye barafu bila kuitikisa kwa nguvu. Igawe katika tyubu ndogo za mikrolita 10 hadi 20, uandike tarehe na loti, kisha uhifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Tyubu moja iyeyushwe mara moja tu. Iliyobaki kwenye tyubu kaa nayo kwenye nyuzi 4, usiirudishe kwenye friza. Kama umeme kwenu hukatika mara kwa mara, changanya seramu na gliserini nusu kwa nusu. Haitaganda kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na kukatika kwa umeme kwa saa chache hakutaileta kwenye mzunguko wa kuganda na kuyeyuka unaoharibu protini.

Kukaza tishu

Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kiwe mkononi kabla ya lolote. Hili halina mjadala, na mnyama awe amelala fofofo kwa dawa kabla ya kuguswa kwa kisu.

Tengeneza paraformaldehidi, unga unaoyeyuka na kutoa formaldehidi, ya asilimia 4 siku hiyohiyo, ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Gramu 40 kwa lita moja: pasha maji moto hadi nyuzi 60, mwaga unga, ongeza matone ya hidroksidi ya sodiamu hadi ukungu uondoke na maji yawe maangavu, ongeza bafa ya fosfati ifike mola 0.1, poza, chuja, rekebisha pH iwe 7.4. Usizidishe moto.

Panya wa gramu 250 hadi 300 pitishia moyoni mililita 100 hivi za maji ya chumvi, kisha mililita 400 za paraformaldehidi. Usisitesite kati ya chumvi na paraformaldehidi. Peptidi ndogo kama hii huvuja kwenye tishu ambayo haijakazwa, na vimeng'enya vya mwili huanza kuikatakata mara tu damu inaposimama. Mkia na miguu ikikakamaa ujue dawa imefika. Toa ugwe mgongo wa sehemu ya kiuno, uuache kwenye paraformaldehidi ileile saa 2 hadi 4. Watu wengine huacha usiku kucha na wanapata matokeo mazuri; mimi napendelea muda mfupi kwa ajili ya peptidi, lakini lililo muhimu zaidi ni wanyama wote wa jaribio moja wapate muda uleule.

Hamishia kwenye sukrosi ya asilimia 30 kwenye nyuzi 4. Mwanzo tishu inaelea. Ikizama chini ya chupa, siku moja au mbili baadaye, iko tayari kukatwa. Kata vipande vya mikromita 30 au 40 kwa krayostati au mikrotomu ya kugandisha, uviweke vikielea kwenye PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfati) ndani ya sahani ya visima. Vipande vinavyoelea hupokea kingamwili kutoka pande zote mbili, na kwa kupaka nyuzi nyembamba njia hii huishinda ile ya vipande vilivyobandikwa kwenye slaidi.

Siku tatu za kupaka

Ninaeleza njia ya peroksidasi, kimeng'enya kinachotumia peroksidi kuigeuza kemikali iitwayo DAB kuwa kahawia, kwa sababu rangi yake inadumu na inaonekana kwa hadubini ya kawaida. Ukiwa na hadubini ya mwanga wa fluoresensi, hatua ni zilezile, ila unaruka za peroksidi na peroksidasi na unatumia kingamwili ya pili yenye rangi inayong'aa.

Siku ya kwanza, osha vipande mara tatu kwa PBS, dakika 10 kila mara, kwenye mashine ya kutikisa polepole. Kisha viweke kwenye peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 0.3 ndani ya PBS kwa dakika 20. Chembe nyekundu za damu zilizobaki zina uwezo wao wa kugeuza DAB kuwa kahawia, na hatua hii inauzima. Utaona viputo vidogo vikipanda pale damu ilipobaki. Vikiwa vingi ujue maji ya chumvi hayakusafisha mishipa vizuri. Osha tena mara tatu.

Ziba kwa saa moja kwa mchanganyiko wa PBS, Triton X-100 (sabuni inayofungua tishu ipenywe) ya asilimia 0.3, na seramu ya kawaida ya asilimia 5 kutoka kwa mnyama aliyetoa kingamwili ya pili. Kingamwili ya pili ikitoka kwa mbuzi, tumia seramu ya mbuzi. Ikitoka kwa punda, ya punda. Usizibe kwa seramu ya sungura, kwa sababu kingamwili ya pili itaishika yote. Kama protini mbebaji ilikuwa albumini ya ng'ombe, ongeza albumini hiyo asilimia 1. Ndani ya seramu yako mna kingamwili zilizolenga mbebaji, na hiyo albumini itazishughulisha kabla hazijashika mishipa ya damu.

Halafu kingamwili ya kwanza. Kwa loti mpya weka visima vitano: 1:500, 1:1000, 1:2000, 1:4000 na 1:8000, kila kimoja kikiwa na vipande vitatu vya mnyama mmoja. Acha kwenye nyuzi 4 kwa saa 48, sahani imefunikwa vizuri isikauke. Ukiongeza muda unaweza kupunguza kingamwili, na hapo rangi ya chinichini hupungua nayo. Utakachochagua ni mzimuo ambao utepe unaonekana wazi huku maada nyeupe ikibaki safi. Usichague ule wenye rangi kali kuliko yote.

Siku ya tatu, osha mara nne. Weka kingamwili ya pili ya mbuzi dhidi ya sungura iliyounganishwa na biotini, 1:500, saa moja na nusu kwenye joto la chumba. Osha. Weka mchanganyiko wa avidini, biotini na peroksidasi kwa saa moja. Uandae nusu saa kabla. Osha. Tahadhari moja inayowaangusha wengi: bafa za hatua hizi zisiwe na azidi ya sodiamu. Azidi huzuia vijidudu kwenye chupa, na pia huizima peroksidasi. Na hata pale inapotumika, usiimwage kwenye bomba la risasi au shaba, kwani hutengeneza chumvi zinazoweza kulipuka.

DAB ni sumu na inashukiwa kusababisha saratani. Vaa glavu, fanya ndani ya kabati, na taka zake zikusanye peke yake. Miligramu 50 kwa mililita 100 za bafa, kisha mikrolita 33 za peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 30. Tumbukiza kipande kimoja cha majaribio, ukitazame chini ya hadubini ndogo. Kwa dakika moja hakuna kitu. Kisha ncha mbili za pembe za mgongoni zinaanza kuwa na kivuli, kivuli kinakolea, na katikati ya dakika ya tatu na ya tano utepe unajitokeza. Simamisha kwa PBS baridi kabla sehemu nyingine hazijaanza kubadilika. Vipande vyote vya jaribio moja, pamoja na vya kontroli (vya kulinganishia), vipate sekunde zilezile.

Bandika kwenye slaidi zilizopakwa jelatini, kausha usiku, pitisha kwenye alkoholi na zailini, funika.

Kontroli, mahali ambapo kazi inasimama au inaanguka

Acha kisima kimoja bila kingamwili ya kwanza. Kikipata rangi, tatizo ni kingamwili ya pili au peroksidasi ya damu. Kisima kingine kipe seramu ya sungura wa kawaida kwa mzimuo uleule. Hizi mbili ni za lazima, lakini hazisemi lolote kuhusu peptidi.

Inayofuata ni kuimeza kingamwili kwa peptidi yenyewe kabla ya kuipaka, yaani kuzijaza peptidi nafasi zake za kushikia. Yeyusha miligramu 1 ya dutu P ya kutengenezwa katika mililita 1 ya maji, igawe na kuigandisha haraka, kwani methionini ya mwisho huoksidika kirahisi. Chukua mikrolita 13.5 uweke kwenye mililita 1 ya kingamwili iliyokwisha kuzimuliwa. Unapata mikromola 10 hivi. Acha usiku kucha kwenye nyuzi 4, izungushe kwa kasi kwenye sentrifuji, tumia maji ya juu. Kisima cha kulinganishia kipate kingamwili iliyolala usiku uleule bila peptidi. Hakikisha peptidi uliyonunua ina amidi mwishoni. Isiyo na amidi haitaimeza kingamwili inayotambua amidi, na utajikuta unaitupa seramu nzuri ukidhani ni mbovu.

Utepe ukitoweka, furahi kwa kiasi. Umethibitisha kwamba kingamwili inaweza kushika dutu P. Hujathibitisha kwamba ndani ya tishu ilishika dutu P, maana kingamwili inayoshika mkia wa ndugu wote itamezwa na yeyote kati yao. Kwa hiyo rudia ukitumia nyurokinini A, na tena ukitumia B, kwa mikromola zilezile. Zisipopunguza rangi, hapo una jambo la kusema.

Watu wengi wakisikia kontroli bora huwaza panya wadogo walioondolewa jeni. Wapo, na wanasaidia. Lakini jeni inayotoa dutu P, Tac1, ndiyo inayotoa nyurokinini A pia. Ukiiondoa, zote mbili zinaondoka pamoja. Kingamwili inayochanganya hizo mbili itaonekana safi kabisa kwenye panya huyo, na wewe utaandika kwamba ni mahususi kwa dutu P. Hapa ndipo nimeona watu makini wakiteleza. Panya asiye na jeni anakata shaka kuhusu protini za mbali. Shaka ya ndugu wa karibu inakatwa na kumeza kingamwili kwa kila ndugu peke yake.

Iko pia kontroli ya mwili wenyewe. Kapsaisini, kitu kile kinachochoma kwenye pilipili, akidungwa panya mchanga kwa dozi kubwa huua nyuzi nyembamba za maumivu, na utepe wa dutu P hufifia sana anapokua. Kukata mizizi ya mgongoni upande mmoja hutoa matokeo ya namna hiyo, na upande mwingine unabaki wa kulinganishia ndani ya kipande kilekile. Rangi haiishi yote, kwa kuwa ziko seli za ugwe mgongo wenyewe zenye dutu P.

Mambo yanayosumbua

Nyuzi zina rangi lakini miili ya seli haina. Ni kawaida: peptidi hutengenezwa kwenye mwili wa seli na kusafirishwa upesi hadi miishoni. Kolchisini huzuia usafiri huo na miili hujaa, lakini inamtesa mnyama, na mimi sishauri kuitumia kama swali lako ni la nyuzi tu. Ukihitaji miili ya seli, tazama ganglia za mizizi ya mgongoni. Pale karibu seli moja kati ya tano za panya huonyesha dutu P bila kolchisini, nyingi zikiwa zile ndogo.

Rangi iko kwenye kingo za kipande tu: kingamwili haikupenya. Ongeza muda, au Triton hadi 0.5. Rangi hafifu kila mahali pamoja na utepe: zimua zaidi kabla ya kubadili kingine chochote.

Watu huuliza kuhusu Western blot, yaani kutenganisha protini kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzipaka kingamwili. Peptidi ya dalton 1348 hupita kwenye jeli ya kawaida na kupotea, na hata ikifika kwenye utando huoshwa ikaondoka. Doa la peptidi lililokazwa kwa mvuke wa paraformaldehidi kwenye nitroselulosi linafaa zaidi, na ukidondosha dutu P, nyurokinini A na B kando kwa kando kwa nanogramu 100, 10 na 1, unauona mwitikio mtambuka kwa macho yako kabla hujagusa tishu ya mnyama. Mimi sasa naanza na hilo kwa kila loti. Kwa kupima kiasi kwenye damu, tumia ELISA ya ushindani (kipimo ambamo peptidi ya sampuli inagombania kingamwili na peptidi iliyowekewa alama), kwani peptidi hii ni ndogo kushikwa na kingamwili mbili kwa wakati mmoja. Damu iingie kwenye tyubu ya EDTA (ya kuzuia kuganda) yenye aprotinini (ya kuzuia vimeng'enya) iliyokwisha kuwa kwenye barafu, izungushwe mara moja na plazma igandishwe.

Unapoandika

Taja mnyama aliyetoa kingamwili, muuzaji, namba ya bidhaa, namba ya loti, mzimuo, saa na joto, antijeni na mbebaji wake, na matokeo ya kila kontroli, pamoja na zile zilizokwenda vibaya. Na kama nyurokinini A ilipunguza rangi hata kidogo, usiandike kwamba umeona dutu P. Andika umeona mwitikio unaofanana na wa dutu P, uweke picha ya kipande kilichomezwa kando ya picha ya utepe, zote mbili zikiwa zimepigwa kwa mwanga uleule.